Botswana: chama cha miaka 58 kilianguka kwa siku moja. Na sisi wa migoti tunapata somo gani?

Inchi jirani inayokula kwa almasi ilibadilisha serkali kwa kura ya wadepite, na hata wale walioshinda walishangaa. Lakini bei ya jiwe haikubadilika. Tuangalie pole pole ile mambo ilipita namna gani, juu sisi pia tunakula kwa jiwe.

Mashofere wa makamyo wanaobeba mukuba na kobalti yetu wanaijua Botswana kuliko sisi. Wakitoka Kasumbalesa wanapita Zambia yote, wanafika Kazungula, kwenye lile daraja jipya juu ya mto Zambezi lililofunguliwa mwezi wa tano 2021. Ukimaliza daraja, uko Botswana, kwenye barabara ya kushuka Afrika ya Kusini mpaka Durban. Ni inchi kubwa lakini kavu. Watu hawafiki milioni tatu, kusema tu Lubumbashi pamoja na miji ya karibu.

Ile inchi ilipata uhuru tarehe 30 Septemba 1966. Mwaka uliofuata, 1967, almasi ikaonekana Orapa. Kutoka pale mpaka 2024, chama kimoja tu kilitawala: BDP, chama cha Seretse Khama. Si chama cha pekee kama MPR yetu ya zamani, hapana. Kila miaka mitano kulikuwa uchaguzi, vyama vingine vilikuwako, magazeti yalisema. Lakini kila mara BDP ilishinda. Mtu aliyezaliwa siku ya uhuru alifikisha miaka 58 hajaona serkali ya chama kingine.

Tarehe 30 Oktoba 2024 watu walienda kupiga kura. Kisha siku mbili tu, yote ilikuwa imekwisha. BDP, iliyokuwa na viti 38 juu ya 57 katika uchaguzi wa 2019, ilibaki na viti 4 juu ya 61. Tusome tena: vine. UDC, muungano wa upinzani wa mwanasheria Duma Boko, ilipata viti 36. BCP ikapata 15, BPF 5, na mtu moja asiye na chama akapata kiti chake.

JIWE LA NUSU KILO HALIKUOKOA MTU

Kwa nini? Mtu wa mugoti ataelewa mbio kuliko profesa.

Botswana inauza inje almasi kuliko kitu chochote: karibu asilimia 80 ya vitu vyote inavyouza ni almasi. Kampani kubwa ni Debswana: nusu ya serkali, nusu ya De Beers. Migoti yake ya Jwaneng na Orapa ni kati ya migoti ya almasi yenye faida kubwa duniani. Kwa miaka mingi ile feza ilijenga masomo, hospitali na barabara. Tusiwanyime haki yao: wengi kwetu, tukifikiri MIBA ya Mbuji-Mayi na namna ilibomoka, tunaona wivu.

Lakini bei ya almasi ilianguka. Watu wa Marekani na wa China walipunguza kununua, na almasi ya kutengenezwa na mashini ikajaa sokoni kwa bei ya chini. Katika miezi sita ya kwanza ya 2024, mauzo ya Debswana yalishuka karibu nusu. Serkali ikakosa feza, miradi ikasimama. Wenye kukosa kazi walifika asilimia 27 na zaidi, na kati ya vijana hali ilikuwa mbaya kupita pale.

Mwezi wa nane 2024, miezi miwili mbele ya uchaguzi, mugoti wa Karowe ukatoa almasi ya karati 2,492, karibu nusu kilo. Ni jiwe la pili kwa ukubwa duniani, kisha lile la Cullinan lililopatikana Afrika ya Kusini mwaka 1905. Dunia yote iliona picha ya Prezida Mokgweetsi Masisi akilishika. Ilikuwa bahati nzuri kwa serkali, mtu angesema. Lakini kijana aliye nyumbani na diplome yake, bila kazi, aliona jiwe la wengine katika mkono wa mwingine. Hapa kwetu tunajua ile hali. Kila siku tunaona makamyo yamejaa yakipita mbele ya nyumba isiyo na maji.

YALE YALIYOKUWA YANAWAKA CHINI

Kulikuwa na mambo mengine. Prezida wa zamani Ian Khama, mtoto wa Seretse Khama, alikosana na Masisi, yule aliyemwachia kiti mwaka 2018. Khama akatoka katika chama cha baba yake, akasaidia kuanzisha BPF, akakaa Afrika ya Kusini karibu miaka mitatu, akarudi Septemba 2024, uchaguzi ukiwa karibu. Ndani ya BDP yenyewe, uchaguzi wa kutafuta wakandida ulileta malalamiko mengi, na wengine wakajiweka wenyewe bila chama. Nyumba ilikuwa inapasuka toka ndani.

Na kuna kumbukumbu ya wafanyakazi. Katika Oktoba 2016, serkali ilifunga kampani ya BCL kule Selebi-Phikwe, mugoti wa mukuba na nikeli. Zaidi ya wafanyakazi 5,000 walipoteza kazi kwa mara moja. Selebi-Phikwe ulikuwa muji uliojengwa juu ya mugoti: mugoti ukifungwa, duka linafungwa, masomo yanabaki bila watoto, baba wa nyumba anaenda mbali kutafuta. Mbele ya pale, mwaka 2004, wachimbaji wa Debswana waligoma na 461 wakafutwa kazi. Sendika yao, BMWU, ilibeba ile kesi miaka na miaka.

Watu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi hawana lazima ya kufasiriwa. Mwaka 2003 Gécamines ilitoa watu zaidi ya 10,000 katika ile mpango iliitwa "départs volontaires". Watoto wa wale baba sasa ni watu wazima, na wako wanapiga kura. Kidonda cha kazi kinakaa muda mrefu kuliko mwaka wa uchaguzi.

HESABU YA VITI

Sasa tufike kwenye neno ambalo lilishangaza kila mtu. Wapinzani hawakuwa wamoja. Mwaka 2019 BCP ilikuwa ndani ya muungano wa UDC, kisha ikatoka. Kwa hiyo 2024 upinzani ulienda vipande vitatu: UDC, BCP, BPF. Wengi walisema: "Wamejigawa, BDP itapita tena." Ile ndiyo hesabu ya kawaida, na mara nyingi ni ya kweli.

Lakini Botswana inachagua kwa kiti kimoja kimoja. Kila eneo linatoa mudepite moja, yule aliye na kura nyingi kuliko wengine, hata kama hafiki nusu. Tufanye mfano wa atelie yetu: wafanyakazi 100 wanachagua delege moja. Wa kwanza anapata 37, wa pili 33, wa tatu 30. Wa kwanza amepita, wengine wawili hawana kitu, ingawa watu 63 hawakumtaka. Sasa rudia ile mfano katika maatelie 61.

Ndivyo ilikuwa. UDC ilipata kura karibu asilimia 37 katika inchi yote, na ile ikampa viti 36 juu ya 61. BDP ilipata karibu asilimia 30, si kitu kidogo, lakini fasi nyingi haikuwa ya kwanza, na asiye wa kwanza hapati kiti. BPF ilikuwa na kura karibu asilimia 8 tu, lakini zilikuwa pamoja fasi moja, upande wa Serowe, kwao Khama; ikapata viti 5, kupita BDP.

Na ile kisu ilikuwa ya BDP yenyewe. Mwaka 2014 ilikuwa imepata kura chini ya nusu, asilimia 46 na kitu, lakini ilikaa na viti 37 juu ya 57. Sheria ile ile iliyoilisha miaka mingi, siku moja ikaikata.

Kule wananchi hawachagui prezida kwa karatasi yake peke. Kila mukandida wa ubunge anatangaza mapema anamsimamia nani kuwa prezida. Chama kikipata wadepite zaidi ya nusu, yaani 31, mtu wake amekuwa prezida. Kwa hiyo kura ya mudepite wa eneo lako ndiyo kura ya prezida, ya ministri, ya sheria ya kazi, ya kontra ya almasi. Hakuna mtu anaweza kusema "mudepite hana maana".

SIKU YA KUSHINDWA

Ijumaa tarehe 1 Novemba, hesabu haijaisha yote, Masisi aliita waandishi wa habari. Alikubali ameshindwa, alisema ataheshimu wananchi na kusaidia serkali mpya ianze vizuri. Siku ile ile Boko akaapishwa mbele ya mukubwa wa matribinali. Hakuna aliyekufa, hakuna duka lililovunjwa, intaneti haikukatwa.

Na yule aliyeshinda, tujue alitoka wapi. Boko alijaribu 2014, akashindwa. Akajaribu 2019, akashindwa tena, hata kiti chake mwenyewe cha mudepite kule Gaborone alikipoteza. Alienda tribinali, tribinali ikamkatalia. Alirudi kufanya kazi, eneo kwa eneo, miaka mitano. Wana-sendika, tulishike hilo: mgomo ukishindwa, mazungumzo yakishindwa, bado kuna kesho, lakini kesho inahitaji miguu.

MWAKA MOJA KISHA

Hapa ndipo watu wengi wanafunga gazeti, wakati neno kubwa liko mbele. Serkali mpya ilikuta kasha tupu. Katika kampanye UDC iliahidi mshahara wa chini wa pula 4,000 kwa mwezi, pansio ya wazee pula 1,800, na kazi kwa malaki ya watu. Bajeti ya kwanza, ya 2025, ilipandisha pansio kutoka 830 mpaka 1,400. Mzee amepata kitu, lakini si kile alichoahidiwa. Agosti 2025 Prezida Boko alilazimika kutangaza hali ya hatari ya afya, juu hospitali zilikosa dawa. Soko la almasi halikumuonea huruma, na Debswana ikapunguza uchimbaji.

Kuna kitu kimoja kikubwa kilichofanyika. Tarehe 25 Februari 2025 serkali na De Beers walitia sahihi kontra mpya. Kampani ya serkali itauza yenyewe asilimia 30 ya almasi ya Debswana kwa miaka mitano, kisha asilimia 40, na kontra ikiongezwa itafika nusu. Lakini lazima tuwe wa haki: msingi wa ile kontra ulizungumzwa chini ya serkali ya zamani, mwaka 2023. Serkali mpya iliimaliza. Kazi ya inchi haianzi sifuri kila uchaguzi.

Majirani wetu wa Zambia walijifunza hayo mbele. Oktoba 1991, Frederick Chiluba, mukubwa wa sendika zote za Zambia, alimshinda Kenneth Kaunda. Wachimbaji wa Kitwe na Mufulira walicheza, walisema mtu wetu amefika. Kisha serkali yake hiyo hiyo ikauza kampani ya ZCCM vipande vipande, na maelfu ya wachimbaji wakafutwa kazi. Mtu wetu kuingia ofisi si sawa na sisi kupata kitu.

NA HAPA KWETU?

Mu kantini ninasikia kila mara: "Voti yetu itabadilisha nini? Wale beko na makuta njo banapitaka." Ninaelewa hasira ile. Sisi tuko na kura mbili, ya prezida na ya wadepite, na serkali inatoka kwa wingi wa viti katika Assemblée nationale. Sote tunakumbuka mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021. FCC ilikuwa na zaidi ya wadepite 300 juu ya 500. Kisha Bi Jeanine Mabunda akaondolewa kwenye kiti cha prezida wa Assemblée, Waziri wa kwanza Ilunga Ilunkamba akaondoka, na Union sacrée ikazaliwa. Serkali ilibadilika, wingi ulibadilika, lakini hakuna mwananchi aliyerudi kupiga kura. Wadepite ni walewale, walihama tu upande.

Sisemi ile mabadiliko ilikuwa nzuri ao mbaya. Wasomaji wa gazeti hili wako pande zote mbili. Ninasema tofauti. Kule Botswana mchimbaji ndiye aliyemwondoa mudepite. Hapa kwetu mudepite alijiondoa mwenyewe akaenda fasi nyingine, na mchimbaji alisikia kwa radio. Sababu moja ni kwamba kisha kuchagua hatumfuati. Mu Desemba 2023 wakandida walikuwa zaidi ya 20,000 kwa viti 500. Wangapi kati yetu wanajua jina la mudepite wao, na alisema nini katika Assemblée juu ya mugoti?

Na mambo ya kumuuliza yako, si kidogo. Februari 2025 serkali ilisimamisha kusafirisha kobalti kwa sababu bei ilikuwa chini sana, na toka Oktoba ikaweka kiasi kwa kila kampani. Sisi kama Botswana: jiwe moja ao mawili yanabeba inchi. Kampani ikipunguza kazi, nani atalinda mshahara? Ile ni swali la mudepite.

Sheria ya migoti ya 2018 inasema katika redevance, asilimia 50 inaenda serkali kuu, 25 provensi, 15 kwa komini na sheferi yenye mugoti, na 10 kwa fungu la vizazi vijavyo. Tena kampani inapaswa kutoa 0.3 ya asilimia mia ya mauzo yake kwa watu wa pale inapochimba. Ile 15 ya komini yetu ilijenga nini? Ile 0.3 inasimamiwa na nani, na jina la mwakilishi wetu ni nani? Maswali haya hayangoji 2028. Yanaweza kuulizwa wiki hii, kwa barua yenye sahihi za watu 200, ikipelekwa kwa mudepite wakati yuko likizo ya Bunge nyumbani. Barua ya mtu moja inapotea. Ya watu 200 anaijibu, juu anajua kuhesabu.

Baba na mama, tena vijana wa karyeri: mu Botswana serkali ya miaka 58 haikuangushwa na askari wala na matajiri. Iliangushwa na watu waliosimama kwenye mustari chini ya jua, zaidi ya 80 juu ya 100 ya wale waliojiandikisha. Kesho yake bei ya almasi ilikuwa ile ile. Basi wale waliosimama kwenye mustari wako na kazi nyingine sasa: kumkumbusha Boko kila mwezi zile pula 4,000 alizosema. Sendika zao zinafanya ile. Na sisi, tuanze na orodha ya majina: nani ni mudepite wetu wa inchi, nani wa provensi, nani bourgmestre. Kila seksheni ya sendika ibandike ile orodha kwenye mulango wa kantini, pamoja na yale kila moja aliahidi mu 2023.